Zamu ya Metroni

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kufelisha watu. Nilikuwa mtahini wa leseni za udereva, na hadi leo wako watu wazima, wana familia zao, wakiniona kwa mbali wanavuka barabara. Ndiyo maana nilipostaafu na klabu yetu ya briji ikakosa mwamuzi, hawakuhangaika kutafuta. Walisema Mama Leseni yupo, na yeye haoni haya kumwambia mtu umekosea. Sikukataa. Ukishazoea kukaa pembeni ya dereva ukimsubiri akosee, si rahisi kuacha.

Katika kukaa kwangu pembeni, niliyemtazama zaidi ya wote ni mwanamke mmoja tunayemwita Fundi Meno. Habari zake zimenikaa rohoni na zinanikera, kwa hiyo nitazisema zote, anayetaka kuudhika audhike.

Fundi Meno anatengeneza meno ya bandia. Hatengenezi mbele za watu. Yuko chumba cha nyuma cha kliniki, kisicho na dirisha, kati ya jiko la gesi na mashine ya kusugulia. Daktari anamletea umbo la plasta la kinywa cha mtu, yeye anapanga meno juu ya nta, moja moja, anayatazama upande huu na upande ule, kisha anayasugua mpaka yanafanana na ya kuzaliwa nayo. Wenye vinywa hawamjui. Jioni anatoka na vumbi jeupe kwenye nyusi. Aliwahi kuniambia kuwa akikutana na mtu anacheka mtaani, anamtazama meno kabla ya uso, na mara mojamoja anayatambua kuwa ni ya kwake, lakini hawezi kumsalimu mtu kwa sababu hiyo.

Anaishi kwa mama mkwe wake. Mumewe ni mpima ardhi, anayekuwa nyumbani wiki moja na safarini nyingine tatu, kwa hiyo wanawake hao wawili ndio wanaoishi pamoja hasa. Mama mkwe tunamwita Metroni, kwa sababu alikuwa metroni wa hospitali na hajaacha. Anakagua ncha za mashuka. Anakagua sufuria. Ukimtembelea, anakutazama kucha kabla hujakaa. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana angekuwa mbaya ningekuwa nimeshamaliza maneno yangu naye zamani.

Kwa asiyejua briji, nitaeleza kidogo, na sitarudia. Wanacheza watu wanne, wawili dhidi ya wawili, mwenza ameketi mbele ya mwenzake. Kwanza kunakuwa na mnada: kila mtu kwa zamu yake anataja aina ya karata anayotaka iwe turufu na mizunguko mingapi upande wao utatwaa. Wenye dau kubwa ndio wanaobanwa na ahadi yao. Kisha yule kati ya hao wawili aliyeitaja kwanza turufu hiyo ndiye anayecheza, na mwenzake analaza karata zake zote mezani, wazi, anakunja mikono na kunyamaza mpaka mwisho. Huyo tunamwita bubu. Bubu hana lake. Mwenzake akisema kopa ndogo, anatoa kopa ndogo.

Na sisi klabuni hatuchanganyi karata upya. Meza moja ikimaliza, karata zinarudishwa kwenye trei yenye mifuko minne, trei inahamia meza inayofuata, na wale nao wanacheza karata zilezile. Mwisho wa mchana tunalinganisha. Kwa hiyo hakuna wa kusingizia bahati. Kama wewe umeanguka na mwingine kwa karata hizohizo amesimama, tatizo ni wewe.

Sasa Metroni ana ugonjwa mmoja mezani: hawezi kuwa bubu. Mwenza wake akitaja kopa, na ana kopa nzuri za kutosha nyumba nzima, Metroni atapanda juu na kutaja shupaza, au atasema hapana turufu kabisa, alimradi awe yeye wa kucheza. Ataanguka, na ataanguka vibaya, lakini atakuwa ameanguka kwa mikono yake mwenyewe. Wenza wake wote walimkimbia kabla ya mimi kuwa mwamuzi. Mmoja alisema macho, mwingine alisema mgongo, mmoja akahama dini kabisa na kudai karata ni dhambi. Ndipo mwanawe akaoa. Wiki ya kwanza ya ndoa, bibi harusi akakalishwa mezani jikoni na kufundishwa briji, chumvi ikawa mfalme na kijiko kikawa malkia.

Tangu hapo kila Jumamosi mchana wanapanda ngazi za ukumbi wetu ulio juu ya duka la magodoro, Metroni mbele na Fundi Meno nyuma amebeba mkoba. Wanakaa meza ya karibu na feni. Na Fundi Meno analaza karata zake mistari minne iliyonyooka, kama anayemwandalia mgeni meza, kisha anakunja mikono. Nimeshaona akilaza karata ambazo mimi ningezipigia magoti.

Mwanzoni nilidhani hajui kitu. Samahani, lakini ndivyo nilivyodhani. Mtu anayenyamaza hivyo unamweka kwenye fungu la wasiojua. Kisha akaanza kutangulia peke yake kunisaidia kupanga viti, halafu anashuka kumpokea Metroni na mkoba. Nikawa namgawia karata, anacheza peke yake dhidi ya viti vitupu, mimi nikifuta meza. Akaniomba vitabu vyangu vya briji, akavirudisha vimesomwa mpaka vimelegea. Aliniambia kazini huwa anacheza kichwani akisugua meno, kwamba mikono inafanya yake na kichwa kinafanya yake. Siku moja nikamwona anahesabu karata za watu wote wanne bila kugusa hata moja, na akaniambia ya mwisho iko kwa nani. Ilikuwa huko. Nilikaa chini na kitambaa changu mkononi.

Nikamuuliza kwa nini hamwambii Metroni kuwa naye anataka kucheza. Akasema alimwambia mumewe mara moja. Mume akamjibu, mvumilie mama, hana mwingine. Basi, hilo ndilo neno lililomfungia mlango, na aliyelisema akapanda gari akaenda kupima ardhi.

Bwana Lifti ndiye aliyeona kama nilivyoona mimi. Huyu anatengeneza lifti za maofisi, ni mtu wa kukagua kamba mara tatu kabla ya kuikanyaga, na katika kucheza hivyo hivyo. Mwenza wake alikuwa amehamishwa mji mwingine, na mashindano ya klabu zote yalikuwa yanakaribia. Jumamosi moja alikuja mapema akamkuta Fundi Meno akicheza na viti vitupu. Akasimama nyuma yake mpaka mwisho, akavua kofia.

"Dada, nataka ukae mbele yangu kwenye mashindano," akamwambia. "Na karata zako utacheza mwenyewe."

Akampa Jumamosi mbili. Ya pili, kabla ya kufunga ukumbi, majina yalipaswa kupelekwa. Fundi Meno hakusema ndiyo wala hapana, ila niliona uso umemng'aa kwa furaha na akaangusha trei, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Kilichobaki ni kumwambia Metroni tu. Nasema "tu" kwa sababu mimi ningemwambia ngazini, kabla ya kufika chini. Yeye alijaribu Jumatatu, Metroni akawa anaumwa kichwa. Alijaribu tena wakati wa chakula, Metroni akaanza kuchambua karata za Jumamosi iliyopita, mkono kwa mkono, na kumwonyesha jinsi ambavyo wangeshinda kama wengine wangecheza vibaya zaidi. Jumatano alirudi kutoka kazini amepiga moyo konde kabisa, maneno yako mdomoni, akamkuta Metroni anashona. Ameshona mito miwili ya kijani kwa ajili ya viti vya klabu, maana vile viti vya mbao vinaumiza. Mmoja wangu na mmoja wako, mwanangu, akasema. Fundi Meno alipopita kwangu kesho yake kunisimulia haya alicheka, halafu hakucheka. Nilimwambia mto si pingu. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa habari za nchi nyingine.

Siku hiyohiyo aliuliza swali moja ambalo nililijibu kama mwamuzi, bila kufikiri. Aliuliza ikiwa mtu atanadi wakati si zamu yake, ni zamu ya mwenzake, inakuwaje. Nikamwambia kitabu chetu ni cha zamani na hatuna haraka ya kununua kingine, na kinasema hivi: wapinzani wasipokubali, neno lile linafutwa, na mwenza wa mkosaji ananyamazishwa mnada mzima, hana ruhusa ya kutaja chochote. Akauliza, mpaka mwisho? Nikasema mpaka mwisho. Akauliza kama mtu amekusudia. Nikamwambia huyo hana adhabu ndogo: alama zake zinafutwa, na anasimamishwa klabuni miezi sita, jina lake mlangoni.

Jumamosi ile ya pili walikuja na mito yao. Fundi Meno alikuwa bado hajasema. Nilijua kwa jinsi alivyopanda ngazi. Bwana Lifti alikuwa anacheza na jirani yake mmoja, muuza rangi, mtu mwenye mdomo mkubwa na karata ndogo, kwa muda tu mpaka apate jibu. Raundi ya mwisho ikawakutanisha wanne hao karibu na feni, Bwana Lifti kushoto kwa Fundi Meno, muuza rangi kulia. Nikaweka trei katikati. Kwenye trei kuna mshale mwekundu unaoonyesha nani anaanza mnada, na ulikuwa umemwelekea Metroni wazi kabisa. Nilimwona Fundi Meno akiutazama. Nasema nilimwona.

Metroni alikuwa bado anapanga karata zake, anazisogeza na kuzirudisha. Fundi Meno akasema, "Shupaza moja."

Muuza rangi akaniita hapohapo, ingawa nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka sikio lake. Nikamuuliza Bwana Lifti, ambaye ndiye mwenye haki ya kukubali, kama anakubali. Akamtazama Fundi Meno, akasema hakubali. Nikasoma sheria kwa sauti. Metroni atanyamaza. Metroni akafungua mdomo na kuufunga. Sijawahi kuona karata zikishikwa kwa nguvu vile. Muuza rangi akapita. Na Fundi Meno, bila kumwona mwenzake ana nini, bila msaada wa neno moja, akasema shupaza nne. Maana yake mizunguko kumi kati ya kumi na mitatu, kwa kuwa sita ya kwanza haitajwi kwenye dau, na yote gizani. Wengine wote wakapita.

Kwa mara ya kwanza nikamwona Metroni akilaza karata mezani. Alizilaza ovyo, nyekundu na nyeusi pamoja, ikabidi zipangwe. Ulipofika mzunguko wa tatu akaanza kusema mwanangu, cheza ma... nikamwambia bubu hasemi. Nakiri nilisikia raha, na sitaomba radhi.

Fundi Meno alicheza taratibu. Kiini cha karata zile kilikuwa uru. Alikuwa na ree, inayomshinda hata mfalme, na malkia wa uru, na swali ni mfalme yuko kwa nani. Meza nyingine zote zilikuwa zimeahidi shupaza nne vilevile, zikabahatisha kuwa mfalme yuko kulia, na zote zikaanguka. Yeye hakubahatisha. Muuza rangi alikuwa amepita kwenye mnada, na sasa alikuwa ameshatoa ree moja na wafalme wawili. Angekuwa na mfalme wa uru pia, mtu mwenye mdomo ule asingenyamaza. Kwa hiyo mfalme yuko kushoto, kwa Bwana Lifti. Akaiacha uru kando kabisa. Akamaliza pau, akamaliza turufu zao, kisha akacheza kopa dhaifu ambayo Bwana Lifti hakuwa na jinsi ila kuitwaa. Na baada ya kuitwaa ilikuwa zamu yake kuanzisha, na kila karata aliyobaki nayo ilikuwa ya kumfaidi Fundi Meno. Akiigusa uru, mfalme wake anakufa. Akitoa kopa nyingine, anampa zawadi. Amezungukwa. Bwana Lifti alizitazama karata zake muda mrefu, akatabasamu, akalaza uru. Mizunguko kumi.

Fundi Meno alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda ghorofa zote kwa miguu, uso umemchangamka. Kwa dakika ile alikuwa mtu mwingine, na nilifurahi mpaka nikasahau kazi yangu.

Muuza rangi ndiye aliyenikumbusha. Akasema kosa tamu kama hili hata yeye angelipenda, eti mtu anakosea na kosa linamfungia mdomo Metroni, ambaye kila mtu anajua anavyonadi. Akataka niulize. Ni haki yake, na mwamuzi akiombwa kuuliza, anauliza. Watu wa meza nyingine walishageuza viti.

Nikamwambia Fundi Meno anitazame. Nikamuuliza, "Ulikusudia?"

Nitasema nilichokuwa nataka. Akisema sikukusudia, na akalisema vizuri, yamekwisha, anasimama anaondoka na Bwana Lifti. Angesema nilikusudia, ningemsimamisha miezi sita bila kupepesa, na Metroni asingekaa naye tena duniani, na mlango ungekuwa wazi hata hivyo, kwa aibu, lakini wazi. Njia zote mbili zilikuwa zake. Alihitaji neno moja tu. Midomo yake ilisogea.

"Hakukusudia," akasema Metroni. "Mimi ndiye niliyekohoa, akadhani nimepita. Kosa ni langu. Andika hivyo."

Hakukohoa mtu. Feni ilikuwa inazunguka na nilikuwa nimesimama palepale. Nikamgeukia tena Fundi Meno nikangoja, nikangoja mpaka watu wakaanza kusogeza viti. Alikuwa anatazama karata mezani. Kisha akaanza kuzikusanya, za kwake na za Metroni, akazirudisha kwenye mifuko ya trei, kila moja mahali pake.

Nikaandika sikuona ushahidi wa kusudio. Muuza rangi akanuna.

Wakati wa kufunga, Bwana Lifti alikuja mezani kwangu kuandika majina ya mashindano. Nikamwambia asubiri, huyo dada atakuja. Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilinivunja nguvu.

"Angekuwa amekosea, ningecheza naye," akasema. "Angekuwa amekusudia akasema, pia ningecheza naye, hata baada ya miezi yake sita. Lakini ameulizwa yeye, amejibu mwingine. Nikimkalisha mbele yangu, si atakuwa anasubiri mimi nimjibie?"

Akaandika jina la muuza rangi. Fundi Meno alikuwa amesimama nyuma yake na mkoba. Alisikia yote. Nilimwambia sema, kwa macho, kwa mdomo, nadhani hata niligonga meza. Akafungua mdomo. Kutoka ngazini Metroni akaita kwa sauti ya uchangamfu kuwa twende mwanangu, nimekubebea na mto wako. Fundi Meno akamwambia Bwana Lifti amtakie heri kwenye mashindano, akiyachanganya maneno hivyohivyo, wakati yeye ndiye wa kumtakia, akashuka.

Sikulala vizuri wiki ile, na mimi silali vibaya kwa mambo ya watu. Jumamosi iliyofuata nikamvizia Metroni peke yake kwenye sinki la kuoshea vikombe. Nikamwambia siku ile hakukohoa. Nilitegemea anipandie juu. Alisuuza kikombe, akakikagua, akakisuuza tena.

"Wewe unadhani sikujua?" akasema. "Nimeishi wodini, mtu anayejifanya namjua kwa mgongo. Amekusudia. Alitaka ninyamaze." Akakifuta kikombe. "Sasa ungemsimamisha miezi sita. Mimi ningekaa na nani?"

Nikachukua kitambaa kingine, nikaanza kumfutia vikombe vilivyobaki. Akasema mwanamke yule ana kipaji, kwamba ile kopa dhaifu hata yeye Metroni asingeiona. Nikamuuliza kama amemwambia hivyo. Akashangaa. Akasema atavimba kichwa.

Tukarudi ukumbini. Fundi Meno alikuwa ameshaketi juu ya mto wake wa kijani, vumbi jeupe kwenye nyusi, ametoka kazini moja kwa moja. Nikawawekea trei. Mshale ulimwelekea yeye. Akatazama karata zake, na kutoka nilipokuwa nimesimama niliziona: kopa sita, zikiwamo ree, mfalme na malkia. Akasema kopa moja.

Metroni akasema hapana turufu tatu.

Wengine wakapita. Zamu ikarudi kwa Fundi Meno, na sheria yote ya kitabu changu ilikuwa upande wake; angeweza kusema kopa nne na hakuna ambaye angemgusa. Akasema amepita. Kisha akalaza kopa zake sita mezani, mstari ulionyooka, kubwa juu na ndogo chini, akakunja mikono.

"Kopa ndogo, mwanangu," akasema Metroni, na mkono ukaitoa.